Masika ya Mdhamini

Jumatatu, 3 Machi

Leo amekuja mwanamke langoni kwangu na mtoto mgongoni, nikadhani anauza mitumba. Nikamwambia nguo ninazo za kunitosha mpaka kaburini. Akasema yeye ni Hamdi, mke wa Muse, yule mnunuzi wa ng'ombe wa Nanyuki. Nikaona haya, nikafungua lango.

Muse yuko rumande. Wiki mbili zilizopita polisi walilisimamisha lori lake karibu na Sagana akipeleka ng'ombe Nairobi, na mmoja wa ng'ombe hao alikuwa yule aliyeibwa kwa Wamucii, jirani yangu. Habari za ng'ombe wa Wamucii ninazijua. Tulimtafuta sote mpaka kule mtoni, na alipopatikana tukapiga makofi kanisani. Ila niliambiwa tu kwamba wameshika Msomali, nami sikuuliza ni Msomali gani.

Mahakama imempa bondi, lakini hakimu anataka mdhamini mwenye shamba ndani ya kaunti hii. Ndugu za Muse wote wamepanga nyumba Nanyuki, ambako ni kaunti nyingine, na hakuna mwenye hata kiwanja. Hamdi alisema, "Muse aliniambia nikuje kwako, Mwalimu. Ati ukikataa, nirudi tu nyumbani, nisiulize mtu mwingine."

Nimemwambia nitafikiria. Mimi nikisema nitafikiria huwa nimeshakata shauri, ila napenda watu wangoje kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu yamekaa juu ya milima ya Aberdare tangu juzi na hayanyeshi.

Niandike sababu zangu hapa, maana najua nitaulizwa. Muse alinunua fahali wetu mwaka ule mume wangu Mburu alipofariki. Wanunuzi wengine walikuja na bei za kumnyang'anya mjane. Yeye alikuja na bei ya haki na salamu za rambirambi. Tangu hapo kila siku ya soko hupita hapa, huketi kwenye kiti cha Mburu bila kujua ni cha Mburu, hunywa chai na kuniuliza habari zake: alikuwa akilima nini, alikuwa mtu wa kucheka au wa kununa. Watu wa hapa wameacha kulitaja jina la mume wangu. Nadhani wanaona ni adabu. Muse hulitaja.

Sababu ya pili ni kwamba nimefundisha miaka thelathini na minne, na kila mwaka niliandika ubaoni kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Watoto walinakili vizuri sana.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa chifu, kutafuta barua ya kunitambulisha mahakamani. Alinizungusha tangu saa tatu mpaka saa sita, kisha akaniita ndani.

"Mwalimu, hii ni ng'ombe ya Wamucii. Si ati ni ya mtu wa mbali."

"Najua."

"Na bado unataka barua?"

"Nataka barua, na mhuri uonekane."

Jumatano, 12 Machi

Nimekuwa mdhamini. Nilisimama kizimbani kama shahidi, hati ya shamba ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, cheti cha msajili wa ardhi na barua ya chifu juu yake. Hakimu ni mama wa makamo, ana miwani na sauti ya chini. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba mshtakiwa akikosa kufika mahakamani siku yoyote anayotakiwa, ninaweza kupokonywa shamba. Nikasema ninaelewa.

"Nani anaishi hapo?"

"Mimi. Na mume wangu amezikwa hapo."

Akaacha kuandika. "Watoto wako wanajua?"

"Ni shamba langu, Mheshimiwa."

Sikudanganya, ila mwanangu Kim sijamwambia.

Halafu hakimu akasoma masharti ya bondi. Muse asizungumze na shahidi yeyote wa upande wa mashtaka, na asikanyage Mweiga, kwetu huku, mpaka kesi iishe. Nilikuwa nimeshatia sahihi. Nilikaa pale kwenye benchi nikahesabu siku za soko zilizo mbele yangu, na nusura nicheke. Nimetoa ardhi yangu kwa ajili ya mgeni mmoja anayenitembelea, na sasa sheria imemkataza kunitembelea.

Alitoka saa kumi, amekonda. Nikampa mandazi niliyoyabeba. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni Ramadhani. Akayafunga vizuri kwenye karatasi, akasema, "Nitakula jioni, Mwalimu, nitakula yote." Hakuniambia kama aliiba au hakuiba. Nami sikumuuliza.

Jumapili, 16 Machi

Wamucii na mimi tumekaa benchi moja kanisani miaka zaidi ya thelathini, la nne kutoka mbele, upande wa dirisha. Leo nilimkuta amekaa la kwanza, katikati ya wanawake wengine, amebanwa kama kitabu rafuni. Baada ya ibada nilimfuata nje.

"Ni ukweli umemtoa?" akaniuliza, na wanawake wote wakageuka kusikiliza.

"Nimemdhamini arudi kortini. Sijasema hana makosa."

"Ng'ombe yangu iliharibu mimba kwa hiyo lori, Phyllis. Ndama ilitoka ikiwa imekufa. Maziwa imekatika. Na wewe unaenda kusimama na yeye mbele ya jaji?"

Nikaanza kumweleza kuhusu haki ya mshtakiwa, Mungu anisamehe, kwa ile sauti yangu ya darasani. Akainua mkono.

"Kuanzia leo usinisalimie."

Alhamisi, 20 Machi

Kesi imetajwa. Muse alifika kabla yangu. Amepewa nakala za maandishi ya mashahidi, na hakimu akamwambia ana haki ya kuwa na wakili. Akasema hana wa kumlipa, atajitetea mwenyewe. Tuliketi benchi moja, hatukuongea sana. Aliniuliza kama nimeshapanda waru, viazi vya msimu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza kwa kweli. Paa linavuja palepale.

Jumamosi, 29 Machi

Kikundi chetu cha ngwatio kina wanawake tisa. Tunalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Leo ilikuwa zamu yangu ya kupanda waru. Niliamka alfajiri nikapika uji sufuria kubwa na githeri ya mahindi na maharagwe ya kutosha watu kumi. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu hakuna mtu. Saa nne nikawaona wakipita barabarani na majembe mabegani, saba, wakienda kwa Wamucii, ambaye zamu yake ni mwezi ujao. Hakuna aliyegeuza shingo.

Nimepanda mistari sita peke yangu, kisha mgongo ukakataa. Uji nimempa ng'ombe. Githeri nitaila wiki nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Muse amepiga simu kunitakia heri, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga. Tumeongea dakika tatu. Ndiyo maongezi yangu ya wiki.

Jumamosi, 5 Aprili

Kim amejua. Sijui ni nani aliyempigia simu Nairobi, na wala si vigumu kukisia.

"Mum, umetoa shamba ya Dad kwa mwizi?"

"Mshtakiwa."

"Nini?"

"Sema mshtakiwa."

Akakata simu. Nilijisifu kwa jibu hilo kama nusu saa. Halafu nikakumbuka kwamba ni mwanangu, na kwamba baba yake amelala pale chini ya migomba, na kwamba hata mimi ningekasirika.

Alhamisi, 10 Aprili

Dukani wananihudumia bila kuniangalia usoni. Leo mwenye duka akasema, akiongea na mizani yake, kwamba bado watu wanaibiwa mifugo na kuna wengine wanakaa wakisaidia. Nikamwuliza ananiambia mimi au anaiambia sukari.

Nyumbani nililala kitandani mchana, jambo ambalo sijafanya tangu mazishi. Niliwaza: na kama aliiba? Kila mtu angependa kujua kama nimemuuliza. Sijamuuliza na sitamuuliza. Kazi ya kuuliza ni ya mahakama. Kazi ya mdhamini ni kuhakikisha anarudi. Hilo nimelishika na sitaliachilia.

Alhamisi, 17 Aprili

Muse hakuja.

Niandike kwa mpangilio. Leo kesi ilikuwa ya kutajwa tu, na karani alikuwa amesema wanaotaka wanaweza kufika kwa njia ya mtandao, waingie kwa simu au kompyuta. Mimi na mtandao hatujapatana, kwa hiyo nilipanda gari nikaenda. Muse aliniambia jana kwamba yeye atatumia kompyuta ya saiba moja pale Nanyuki ili asipoteze siku nzima ya kazi. Nikamwambia sawa.

Mahakamani kuna kioo kikubwa ukutani ambako nyuso hutokea. Kilikuwa kimejaa mawakili, mmoja akiwa ndani ya gari. Jina la Muse likaitwa. Likaitwa tena. Nikasimama nikaangalia kile kioo kutoka pembe hadi pembe, na uso wake haukuwapo. Likaitwa mara ya tatu, baada ya kesi nyingine kumi na moja. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba hakimu alilazimika kupaza sauti, yeye ambaye hapazi.

"Mdhamini yuko?"

"Niko, Mheshimiwa."

"Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yuko Nanyuki. Alisema ataingia kwa mtandao."

"Hayuko kwa mtandao."

Nikampigia simu palepale nje ya mlango. Imezimwa. Nikapiga tena na tena kama mwendawazimu. Niliporudi ndani amri ya kumkamata ilikuwa imeshaandikwa, na mimi nikaambiwa nifike tarehe sita Mei, ama nikiwa naye, ama nikiwa na sababu kwa nini shamba lisichukuliwe.

Kwenye ngazi alikuwa amesimama Wamucii na mwavuli. Anakuja kila kesi inapotajwa, ni haki yake. Alinitazama tu. Ningependa kusema alinitazama kwa ushindi, ingekuwa rahisi kumchukia. Alionekana mtu aliyechoka.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Simu yake imezimwa. Ya Hamdi inaita, haishikwi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 22 Aprili

Nanyuki. Nilimkuta Hamdi akifua nguo barazani, na aliponiona akasimama na povu mikononi akaanza kulia kabla sijasema neno. Nilikuja na hotuba kali. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima.

Muse alikuwa saiba tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, simu ameizima isije ikalia mbele ya hakimu. Hamdi alimfikisha, kisha akarudi kwa watoto. Ameniongoza mpaka pale: ni chumba kimoja, nusu ni saluni na nusu ni kompyuta mbili, na mwenyewe ni binti anayeitwa Wendy, aliyekuwa akimsuka mteja huku akijibu maswali yangu.

"Alikuwa hapa, mamii. Ilikuwa inamwambia tu angoje, ataruhusiwa kuingia. Akangoja. Mimi hata nilipiga picha nimtumie bibi yake, nikimwambia ona vile mzee wako anangoja korti."

Akanionyesha. Muse ameketi wima, amevaa koti, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mbele yake kompyuta inasema angoje. Na juu ya kioo, mahali pa jina lake, pameandikwa Wendy Beauty and Cyber. Ndilo jina la kompyuta ile siku zote. Binti hakujua kulibadilisha na Muse hakujua kwamba linafaa kubadilishwa. Kule mahakamani nani angeifungulia saluni mlango?

Nilicheka. Nilicheka mpaka mteja wa nywele akacheka. Kisha nikauliza yuko wapi sasa, na Hamdi akaangalia chini.

Kesho yake mtu alimwambia kwamba kuna amri ya kumkamata. Akaogopa. Alikuwa amelala rumande siku ishirini na tano, na mwili haujasahau. Akaizima simu tena, akaenda Isiolo kwa mjomba wake.

Kwa hiyo hakutoroka mpaka alipoitwa mtoro. Nilimwambia Hamdi: mwambie tarehe sita Mei, saa tatu asubuhi. Mwambie Mwalimu hakuja kumtisha. Mwambie nimeiona picha.

Ijumaa, 25 Aprili

Hamdi anasema ujumbe umefika. Hasemi kama kuna jibu.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua siku ya tisa mfululizo. Nimepalilia kaburi la Mburu, nikamwambia yote. Waru zimeota vizuri kwenye mistari ile sita.

Jumatatu, 5 Mei

Kim amekuja kutoka Nairobi na karatasi iliyopigwa chapa. Ni ombi langu, mimi Phyllis, la kujiondoa udhamini. Alikuwa ameshamwona wakili rafiki yake. Mdhamini anaruhusiwa kujitoa wakati wowote: anapewa hati yake, na mshtakiwa anarudishwa rumande mpaka apate mwingine.

"Mum, hata akikuja kesho, utamngoja mara ngapi? Kila mwezi utakuwa unakufa?"

Kijana hakuongea kwa hasira. Alipika chai, akalitazama paa, akapanda akaziba pale panapovuja, kwenye matope na mvua. Nikamwangalia kutoka chini nikaona miguu ya baba yake. Nilimwambia nitafikiria, na safari hii kwa kweli nilikuwa nafikiria. Nimechoka. Nataka kusalimiwa.

Jumanne, 6 Mei

Tulifika saa mbili na nusu. Muse alikuwa ameketi benchi la mbele, peke yake, koti lile lile, viatu vimejaa udongo mwekundu. Amesafiri tangu alfajiri kutoka Isiolo akijua kuna amri ya kumkamata na askari mlangoni. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi. Nikaketi nyuma yake.

Hakimu aliangalia kwa makini ile picha aliyoipiga Wendy, ambayo Muse alikuwa nayo kwenye simu, akampa karani. Karani akakumbuka: ndiyo, kulikuwa na saluni inangoja kwenye orodha siku hiyo, walidhani ni mtu amepotea njia. Watu wakacheka. Amri ikafutwa. Hakimu akamwambia Muse kwamba kuogopa si kosa lakini kuzima simu ni ujinga, na akirudia hatamsikiliza.

Halafu Muse akainua mkono.

"Mheshimiwa, niko na ombi. Huyu mama arudishiwe title yake. Mimi nirudi ndani. Nimesikia vile watu wanamfanyia kwao. Hata kumlimia wamekataa."

Kim akanisukuma kwa kiwiko, taratibu. Karatasi ilikuwa juu ya magoti yangu.

"Mama," hakimu akasema, "una haki ya kujitoa. Hakuna atakayekulaumu. Unaendelea au unajitoa?"

Nilisimama. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa kwa Muse zaidi ya wote, kwa kunisemea. Nikasema:

"Mheshimiwa, mimi sijui kama huyu aliiba. Wewe pia hujui bado. Mpaka siku utakayojua, alale kwake na watoto wake. Ninaendelea."

Hakuna aliyecheka. Hakimu akaandika.

Kim alinirudisha hadi langoni. Hakuzima injini.

Jumatano, 14 Mei

Jua, saa mbili nzima. Nimeanika magodoro.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani. Benchi la nne niko peke yangu, nimetandaza mkoba na mwavuli ili lisionekane tupu.

Alhamisi, 29 Mei

Kesi imesikilizwa siku moja. Wamucii alisimama kizimbani na kitambaa chake cheupe, akasema ng'ombe ni wake, akaeleza alama ya sikio na baka la mguuni, akaeleza habari za ndama. Sauti ilimkatika. Nilitamani kwenda kumshika mkono. Miaka thelathini, na sikuweza kuvuka hatua sita.

Kisha Muse, kwa kuwa hana wakili, akaambiwa amuulize shahidi maswali.

"Mama, uliniona kwa shamba yako?"

"Hapana."

"Kuna mtu aliniona?"

"Sijasikia."

"Pole kwa ndama."

Hakimu akamwambia hilo si swali. Muse akasema anajua.

Kisha akatoa karatasi zake: barua ya mauzo yenye jina la aliyemuuzia, nambari ya simu na alama ya dole gumba, na kibali cha kusafirisha mifugo. Akamuuliza polisi kama walimtafuta muuzaji. Polisi akasema walipiga ile nambari na ilikuwa imezimwa. Mlipiga mara ngapi? Mara moja. Mlienda kwake? Afisa akafungua faili upya. Ningekuwa ninasahihisha daftari, yule afisa angebaki darasani baada ya masomo.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua imekwisha, imebaki ile baridi ya ukungu. Hukumu imesomwa leo. Hakimu alisema Muse ametoa maelezo yanayowezekana kuwa kweli, na upande wa mashtaka haukujisumbua kuyachunguza. Kuna shaka, na shaka ni ya mshtakiwa. Ameachiliwa. Saa sita nilitia sahihi kwenye daftari la masjala na hati ikarudi mkononi mwangu, imekunjika pembe moja.

Muse alikuwa akiningoja nje ya ua. Tulisimama pale kando ya wauza matunda. Nilidhani atanishukuru, nikajiandaa kuonekana sijali.

"Mwalimu, hukuniuliza hata siku moja."

"Haikuwa kazi yangu."

"Basi nikwambie mwenyewe. Sikuiba. Lakini bei ilikuwa chini sana, na huyo mtu alikuwa anaangalia barabara kila saa. Nilijua kuna kitu. Nikaandikisha barua, nikatoa kibali, karatasi zote zikawa sawa. Kumuuliza ng'ombe imetoka wapi, sikumuuliza. Ningemuuliza, ningejua."

Nilikasirika hadi masikio yakawa moto. Miezi mitatu nimejivunia kutomuuliza. Nilijiandikia humu kwamba ni sheria, ni kazi ya mahakama, maneno mazuri ya ubaoni. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu. Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kulitaja jina la Mburu, na sikutaka kumpoteza.

"Kwa nini unaniambia sasa?"

"Sina mwingine wa kumwambia."

Nikamwambia yuko mwingine, na anaitwa Wamucii. Akasema ataenda kumwambia nini, na ndama atamtoa wapi. Nikamwambia basi nitamwambia mimi. Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Sikumpa mkono.

Nilikwenda moja kwa moja, hata nyumbani sikupita. Wamucii alikuwa akikatakata nyasi za ng'ombe, panga mkononi. Alinisikiliza bila kuinua uso. Nilisema yote kama alivyoyasema, bila kupunguza na bila kumtetea.

"Kwa hivyo alijua," akasema.

"Alijua vya kutosha."

"Na wewe?"

"Nimejua leo saa sita."

Akaacha kukata. "Na kama ungejua hiyo Machi, ungempatia title?"

Nilijua jibu analolitaka. Nilijua pia ninachoweza kupata kwa neno moja: benchi la nne, ngwatio, salamu za asubuhi juu ya ua. Hakuna ambaye angejua kwamba ni uongo.

"Ningempa," nikasema. "Hata aliyeiba ana haki ya kungojea hukumu nyumbani kwake."

"Hata kama ni ndama yako ndiyo ilikufa?"

"Hata kama ni wangu."

Aliinua uso akanitazama. Macho yake yalikuwa na maji, au ni ule ukungu.

"Enda nyumbani, Phyllis," akasema. "Kuna baridi."

Akainua panga, akaendelea kukata.

Kim amepiga simu kuuliza kama hati nimeipata. Nimemwambia ninayo. Akasema, "Basi sasa uko sawa, Mum," na sauti yake ilikuwa na furaha, nikamwambia niko sawa. Tulipokata simu nilimlilia Wamucii mpaka kifua kikauma, naye yuko hapo tu ng'ambo ya ua, ninamsikia akimwita ng'ombe wake aingie.